Uzi Mweupe kwenye Sketi ya Ngoma
Anayekishonea kikundi cha ngoma cha Katesh au Dongobesh sketi ya Kidatoga, na ngozi hana, hukimbilia kitambaa cha marekani na rangi ya kahawia. Marekani isiyofuliwa ina wanga: rangi hushika hapa, ikagoma pale, na sketi iliyokwisha kukatwa hurudi ikawa fupi. Ila kosa ninalolipenda ni la uzi. Shona kwa uzi mweupe wa poliesta, kisha uchovye sketi kwenye rangi ya pamba. Mishono yote itabaki myeupe. Wengi hufumua. Mimi ningeifunika kwa shanga, maana hata sketi ya ngozi hupambwa nazo. Bibi zetu wa Hanang watabaini kuwa si ngozi, bila shaka. Na wakibaini, waulizwe kipimo cha sketi yenyewe.