Tusigawe Pareto Mbaya

Kila mwaka mvua ya mwezi wa tisa ikikaribia, sisi walimaji wa pareto, ile wengi wanaita piretre, tunaanza kutafuta miche. Wengi tunangojea mradi ulete. Wengine tunachukua jembe, tunaenda kwenye kona ya shamba, tunang'oa vichaka na kuvigawa. Kugawa ni kazi nzuri. Lakini tuulizane: tunagawa vichaka gani?

Ukweli ni huu. Kichaka chenye maua mengi tunakiacha, juu bado kinatupatia franga. Tunang'oa kile ambacho mama mvunaji anapita bila kuinama. Kina majani mengi, kinatoa vipande vingi, macho yanafurahi. Lakini kipande cha shina kinafuata mama yake kabisa. Mama asiyetoa maua atazaa watoto wasiotoa maua. Tukifanya vile miaka sita, shamba lote litakuwa majani, na tutasema udongo umechoka.

Wamoja wanasema: ukigawa kichaka kizuri, unapoteza mavuno yake. Ni kweli, kwa miezi karibu mine. Lakini kichaka kimoja kizuri kinatoa vipande vitano ao zaidi, na kila kimoja kitazaa sawa na mama. Mulimaji gani anakula mbegu ya mahindi yote juu ya njaa ya leo? Wengine wanasema mbegu ya kusia ni rahisi. Ni rahisi, lakini mimea yake inachanganyika, haifanani na mama.

Tupige hesabu. Shamba la mita 50 kwa 20, tukipanda sentimita 60 kati ya mistari na 30 ndani ya mustari, linaomba miche karibu 5.500. Kwa vipande vitano kila kichaka, tunahitaji vichaka vya mama 1.100. Mutu mmoja hawezi kuvipata peke yake. Koperative inaweza.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative iwe na shamba la mama. Na wenye kuchagua mama wawe wavunaji, wengi wao ni wamama. Wao ndio wanarudi kwenye kichaka kila wiki mbili ao tatu, wanajua kipi kinajaza kitunga. Leo wanavuna, lakini siku ya kugawa komite haiwaulizi. Wapewe vijiti, waweke kijiti pembeni ya kila kichaka kizuri wakati wa maua, maana mvua ikianza, maua yakiisha, vyote vinafanana.

Siku ya kugawa, tuchague vile vyenye kijiti na vyenye afya. Chenye mizizi inayooza, hapana kugawa: utapeleka ugonjwa kwa jirani. Kung'uta udongo, tenganisha kwa mikono, kila kipande kibaki na mizizi yake. Punguza majani na mizizi mirefu. Panda siku ileile. Ikishindikana, funika fasi ya kivuli yenye unyevu. Usizike moyo wa mumea. Fasi maji yanasimama, inua matuta. Na usirudishe pareto mara moja kwenye udongo ambamo ya zamani ilikufa. Weka kwanza ngano.

Mwanamemba aliyepokea miche arudishe hesabu ileile sezo inayofuata, kutoka vichaka vyenye kijiti. Hiyo iandikwe katika daftari, hata kwa mwenyekiti.

Maua yetu yanauzwa pamoja, katika mufuko mumoja. Dawa inayoua wadudu, karibu yote imo ndani ya ua, majani yana kidogo sana. Maua yakipungua kwa mumoja, mufuko wa wote unakuwa mwepesi. Kwa hiyo kijiti kiwekwe mavuno haya, mbele ya mvua.