Mke wa Pili Hana Hakimu Texas

Katika vikao vya michango na karamu za harusi za Waafrika Mashariki wa Dallas, Fort Worth na Houston kuna kauli inayorudiwa kana kwamba ni kifungu cha katiba: ndoa ni ya Mungu, cheti ni cha serikali. Hufuatwa na nyongeza yake, kwamba Marekani ni nchi ya uhuru wa dini, kwa hiyo nikahi ya sheikh, baraka za mchungaji au mahari iliyopokelewa na wazee huko nyumbani hayamhusu polisi wala hakimu, hata kama bwana harusi ana mke mwingine mtaa wa pili. Akibanwa, msemaji hukimbilia kwa Wamormoni: mbona wao walioa wake wengi humu humu? Kauli hii ni ya uongo kisheria, na kinachokera zaidi ni kwamba anayeilipia si mwanaume anayeitamka.

Wamormoni ndio ushahidi mbaya kuliko wote ambao mtu angeweza kuuchagua. Bunge la Marekani lilipiga marufuku ndoa za mitala katika maeneo yake mwaka 1862. George Reynolds, aliyekuwa katibu wa Brigham Young, kiongozi wa kanisa la Wamormoni, akaifikisha kesi yake Mahakama ya Juu akidai kwamba kuongeza mke kwake ni wajibu wa dini. Mwaka 1879 Jaji Mkuu Morrison Waite aliandika kwamba serikali haina mamlaka juu ya imani ya mtu, ila inayo juu ya matendo yake. Pasipo hivyo kila mtu angejitungia sheria yake kwa jina la Mungu wake. Mwaka 1890 rais wa kanisa hilo, Wilford Woodruff, alitangaza kuachana na mitala. Leo kanisa hilo hilo, lenye mahekalu Dallas na Houston, humfukuza muumini anayeoa mke wa pili. Kwa hiyo wanaotajwa kama mfano wa uhuru ni watu walioshindwa kesi hiyo, kisha wakaiacha desturi yenyewe. Wapo wanaosema hukumu ya Reynolds ni ya kibaguzi, na katika hili wana haki: Waite aliieleza mitala kuwa ni jambo la watu wa Asia na Afrika, lililochukiwa na mataifa ya Ulaya. Maneno hayo ni ya aibu. Lakini yafute yote, na hoja ya msingi inabaki pale pale, kwamba dhamiri yako haikupi mamlaka juu ya maisha ya mtu mwingine.

Texas ililiona hili kwa macho yake. Mwaka 2003 kundi la Wamormoni wenye msimamo mkali, waliojitenga na kanisa kuu, lilinunua shamba karibu na mji wa Eldorado kwa kisingizio cha kujenga makazi ya wawindaji. Wakati huo msichana wa miaka 14 aliweza kuolewa Texas kwa idhini ya mzazi; wabunge wakapandisha umri hadi 16 mwaka 2005, kwa sababu ya wageni hao. Aprili 2008 maofisa waliingia shambani na kuondoa watoto zaidi ya 400, kufuatia simu iliyokuja kuaminika kuwa ya uongo. Watetezi wa mitala hupenda kuishia hapo, kwa sababu mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ya Texas ilisema watoto wale wote hawakupaswa kuchukuliwa kwa mkupuo, na wakarudishwa. Hawaendelei hadi Agosti 2011, pale San Angelo, ambapo nabii wa kundi hilo, Warren Jeffs, alijitetea mwenyewe kwa hoja ya uhuru wa dini na kuhukumiwa kifungo cha maisha na miaka 20 juu yake kwa kuwanajisi wasichana wawili, wa miaka 12 na 15, aliowaita wake zake. Mahakama za Texas ziliikemea serikali ilipoihukumu jumuiya nzima, zikamfunga mtu kwa tendo lake. Huo ndio mpaka wa uhuru wa dini, na uko wazi.

Wetu si Jeffs, mtu atasema. Wanaoana ni watu wazima waliokubaliana. Hapo ndipo watetezi hukimbilia kesi ya Lawrence, iliyoanzia kwenye nyumba ya kupanga Houston mwaka 1998 na kuamuliwa na Mahakama ya Juu Washington mwaka 2003, kwamba serikali isiingilie faragha ya watu wazima. Hawasomi sehemu ambayo mahakama ilisema waziwazi kwamba haizungumzii watoto, wala watu wanaoweza kulazimishwa, wala swali la serikali kulazimika kuutambua uhusiano. Kuhusu cheti, sheria ya jinai ya Texas haikingoji. Mtu mwenye ndoa anayeishi na mwingine kwa sura ya mume na mke anatenda kosa la jinai, lenye kifungo cha miaka 2 hadi 10, na adhabu hupanda ikiwa mwenzake ni mtoto. Mhamiaji anayeishi kwa mitala huweza kukataliwa ukaazi na uraia pia. Fomu ya uraia huuliza jambo hilo.

Lakini hata kama mwendesha mashtaka hatagonga mlango, muulize huyo mke wa pili ana nini mkononi. Texas hugawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa kati ya wawili, na ndoa yake ni batili tangu siku ya kwanza. Akiachwa, hana talaka ya kudai wala nyumba ya kugawana. Mume akifa, pensheni ya mjane ni ya mwingine. Sheria humhurumia kidogo aliyedanganywa; aliyejua hana pa kushika. Sasa linganisha na huko tulikotoka. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inazitambua ndoa za mitala za kimila na za Kiislamu. Sheria ya Tanzania ya 1971 inampa mke wa kwanza nafasi ya kuweka pingamizi ikiwa kipato cha mume hakitoshi. (Sheria hiyo ina doa lake: inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikazia hukumu ya kuirekebisha, mwaka ukapita bila marekebisho, nayo ni fedheha yetu.) Kule kuna kadhi wa kumpelekea madai ya matumizi, kuna wazee, kuna shemeji watakaomsuta mume. Mwanaume anayeoa wa pili kimyakimya Houston amebeba ruhusa ya dini yake na kuacha Mombasa masharti yote yaliyokuja nayo. Uadilifu baina ya wake, alioamrishwa na dini anayoitaja, hauna mtu hapa wa kumuuliza.

Kuna hoja moja ya mwisho, dhaifu kuliko zote: ikiwa Marekani iliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2015, mbona inakataa mitala? Jaji Mkuu John Roberts aliuliza vivyo hivyo alipopinga hukumu ya Mahakama ya Juu iliyoziruhusu ndoa hizo, na wanaomnukuu husahau kwamba upande wake ulishindwa. Tena, baada ya hukumu ile, kanuni zote za mali, mirathi na malezi zilizoandikwa kwa wawili zilibaki vilevile. Mitala ingedai zote ziandikwe upya, na hakuna mtetezi wake hapa aliyeandika hata aya moja ya sheria ya kumlinda mke wa tatu. Wanachodai ni kuachwa bila kuulizwa.

Lawama kubwa zaidi ni ya masheikh na wachungaji wanaofungisha ndoa hizi bila kuuliza. Leseni ya ndoa hutolewa na karani wa kaunti, iwe Harris, Dallas au Tarrant, na waombaji huapa kwamba hawana ndoa nyingine. Saa 72 baada ya kuipata, kwa kawaida harusi inaweza kufanyika. Anayefungisha ndoa aione leseni hiyo kwanza, na bwana harusi aliyewahi kuoa alete hukumu ya talaka au cheti cha kifo. Asiyekuwa na kimojawapo arudi nyumbani, na bibi harusi aambiwe sababu mbele ya wazazi wake.