MPANDA MLIMA APANGE KUSHUKA KWANZA

Wahenga walinena kwamba aliye juu mngoje chini, na wakaongeza kuwa mpanda ngazi hushuka. Aghalabu methali hizi hutumiwa kuwaonya wenye vyeo na wenye kiburi. Siku hizi, hata hivyo, zinawafaa pia watu wasio na cheo wala kiburi, nao ni wale wanaokusanya akiba yao, wakaenda mpaka nchi ya Nepal kupanda kwa miguu hadi kambi iliyo mguuni pa mlima Everest, kisha wakarudishwa chini kwa helikopta.

Mtindo huu umeenea sana. Wakala wa safari humwambia mteja wake: panda siku nane au tisa, piga picha zako, halafu usijichoshe kurudi njia ile ile uliyoijia. Helikopta itakuchukua asubuhi kutoka Gorak Shep, kijiji cha mwisho kabla ya kambi, na kwa muda wa robo saa hivi utakuwa Lukla, penye uwanja wa ndege. Siku tatu za kutembea zimefutwa! Nani asiyependa?

Mambo haya si ya Wazungu peke yao tena. Mwaka 2022 Mkenya mwenzetu, James Kagambi, alifika kwenye kilele cha Everest akiwa na umri wa miaka 62, na nchi nzima ikashangilia. Mwaka 2024 tulihuzunika pamoja Cheruiyot Kirui alipofariki karibu na kilele hicho hicho. Tangu hapo vijana wengi, wa Pwani wakiwamo, wamekuwa wakiulizia safari za Himalaya; si za kileleni, bali hizi za kutembea mpaka mguuni pa mlima. Basi si vibaya tukazungumza mapema, kabla mtu hajatoa fedha yake.

Maoni yangu ni haya: helikopta ya mlimani iachiwe mgonjwa. Mtu mzima wa afya aliyepanda kwa miguu yake na ashuke kwa miguu yake, na anapopanga safari aanze kwa kuzihesabu siku za kushuka. Sisemi hivi kwa kuchukia starehe za watu. Nina sababu zangu, na nitazieleza moja moja.

Kwanza tuijue njia yenyewe. Msafiri huanzia Lukla, mji mdogo ulio kwenye mita 2,860 juu ya usawa wa bahari, wenye uwanja wa ndege uliojengwa mwaka 1964, ambao barabara yake ya kurukia ni fupi na imeinama kama paa la nyumba. Kutoka hapo hufuata bonde hadi Phakding, kisha hupanda mpaka Namche Bazaar kwenye mita 3,440. Mbele yake ni Tengboche, penye nyumba kubwa ya watawa wa Kibudha, halafu Dingboche kwenye mita 4,410, Lobuche, na Gorak Shep iliyo juu ya mita 5,100. Kambi yenyewe iko mita 5,364. Anayetaka kulinganisha na kwetu akumbuke kwamba Batian, kilele cha juu kabisa cha mlima Kenya, ni mita 5,199. Kwa hiyo mtu anayefika hapo mguuni pa Everest amekwisha kupita urefu wa mlima wetu, ijapokuwa hajaufikia ule wa Kilimanjaro, wenye mita 5,895.

Sasa mfikirie mtu wa Mombasa au Lamu, aliyezaliwa na kukua pale maji yanapojaa na kupwa. Kwenye kambi ile kila pumzi aivutayo humpa takriban nusu tu ya oksijeni aliyoizoea nyumbani. Mwili unaweza kuzoea, lakini kwa taratibu zake wenyewe, wala hausikii amri ya mtu. Madaktari wa milima hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mtu apumzike siku nzima. Ndiyo maana wenye busara hulala Namche usiku mara mbili, na Dingboche mara mbili. Asiyefanya hivyo huanza kuumwa na kichwa, hukosa hamu ya chakula, hutapika na hukosa usingizi. Akipuuza, maji huweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo kifo hakiko mbali.

Dawa kubwa ya maradhi haya ni moja: kushuka. Vidonge vipo na husaidia, na mtungi wa oksijeni husaidia, lakini hakuna kinachoshinda kumteremsha mgonjwa mita mia kadhaa mara moja, hata kama ni usiku. Hapa ndipo ninapouona ubaya mkubwa wa mpango huu wa helikopta ya kukodi. Mteja ameambiwa kwamba usafiri wake unamngoja juu, Gorak Shep. Akifika Lobuche kichwa kikampasuka, akili yake itamwambia nini? Itamwambia: jikaze siku moja tu, kesho ndege itakuchukua! Badala ya kurudi chini kwenye uhai, anazidi kupanda kwenda kuifuata ndege. Chombo kilichokusudiwa kuokoa kimekuwa chambo cha kumvuta mtu kwenye hatari. Yule aliyepanga kushuka kwa miguu hana kishawishi hicho, maana kila hatua anayorudi nyuma ni hatua ya safari yake.

Sababu ya pili ni ya hali ya hewa. Helikopta huelea kwa kuishika hewa kwa rafadha yake, na hewa ikiwa nyembamba nguvu za kuinua hupungua. Mashine inayobeba abiria watano huku chini inaweza kushindwa kuwabeba wote kutoka Gorak Shep, ikabidi rubani awateremshe wawili wawili mpaka bondeni, kisha awakusanye tena. Aidha, safari hizi hufanywa asubuhi, kwani mchana mawingu hupanda kutoka mabondeni na kuifunika njia. Mawingu yakiingia alfajiri, hakuna ndege siku hiyo, na pengine hata kesho yake. Je, aliyepanga siku za kupanda tu atafanya nini? Tikiti yake ya kurudi Nairobi haimngoji. Mwishowe atashuka kwa miguu, tena mbio mbio na kwa hasira, akiwa hana siku wala fedha za njiani. Ndiyo kusema, hata mwenye kulipia helikopta hana budi kutenga siku tatu au nne za kushuka. Ikiwa siku ni lazima zitengwe, basi kilichookolewa ni nini?

Na tusisahau kwamba milima ile haina mzaha na vyombo vya angani. Julai mwaka 2023 helikopta iliyokuwa ikiwarudisha watalii Kathmandu kutoka sehemu hizo za Everest ilianguka, wakafa watalii watano wa Meksiko pamoja na rubani wao Mnepali. Mgonjwa mahututi analazimika kuikubali hatari hiyo. Mtu mzima anaitafutia nini?

Sababu ya tatu ni ya uaminifu. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza ulaghai uliokuwa umezagaa katika uokoaji wa helikopta. Watalii wenye kichwa kidogo tu walishawishiwa wakubali kuchukuliwa kama wagonjwa. Watu kadhaa walipakiwa ndege moja, kisha bima ya kila mmoja ikadaiwa nauli nzima kana kwamba alikodi ndege peke yake. Makampuni ya bima ya ng'ambo yakatishia kuacha kuwakatia bima wasafiri wa Nepal. Ni kweli kwamba walaghai wakubwa walikuwa mawakala na wenzao, lakini walipata wateja kwa urahisi kwa sababu wako watalii waliochoka, waliotaka kurudi nyumbani bila gharama, wakakubali kuitwa wagonjwa. Kujifanya mgonjwa ili upate cha bure ni uongo, na uongo huu hulipwa na wengine: bima hupanda bei, na siku anapotokea mgonjwa wa kweli huulizwa maswali mengi wakati pumzi inamwishia.

Sababu ya nne ni haki ya wenyeji. Njia ile ni riziki ya Washerpa na watu wengine wa mabonde ya Khumbu. Wapo wenye nyumba za wageni, wenye kuuza chai, wenye kuchunga yaki, na wapo wapagazi wanaobeba mizigo mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mgeni anayeruka juu ya vichwa vyao hali wala halali kwao wakati wa kurudi. Mpagazi wake, aliyetegemea ujira wa siku kumi na mbili, huambiwa kazi imekwisha siku ya tisa, na yeye hashuki kwa ndege. Mwishoni mwa mwaka 2024 manung'uniko haya, pamoja na yale ya makelele yanayowashtua wanyama na watu, yalifika mbali. Vijana wa huko wakavizuia viwanja vya kutulia helikopta, na ofisi ya Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2025 haitaruhusu helikopta za kibiashara, isipokuwa kwa dharura. Makampuni ya ndege nayo yakagoma kuruka, na mvutano ukawa mkubwa. Anayetaka kulipia safari hiyo leo aulize kwanza kwa maandishi kama inaruhusiwa, na kama haikuruka, fedha zake zitarudi au la.

Wako watakaonijibu kwamba mimi ni mkali mno. Watasema, mzee mwenye magoti mabovu afanye nini, ilhali kushuka huumiza magoti kuliko kupanda? Mfanyakazi mwenye likizo ya majuma mawili afanye nini? Na je, kuiona Himalaya kutoka angani si neema ya Mungu? Maneno haya yana uzito. Kwa mwenye magoti mabovu nasema, ziko fimbo mbili za kutembelea, wako farasi wa kukodi, na ziko siku za kuongeza. Yakishindikana yote, yeye kweli ni katika wenye udhuru, na apande ndege bila lawama, mradi amlipe mpagazi wake siku zote alizomwahidi. Kwa mwenye likizo fupi nasema, afupishe njia badala ya kukata marejeo. Na aende Namche na Tengboche, aione Everest kwa mbali, ashuke salama. Mlima hautahama.

Mababu zetu wa Pwani wangelielewa jambo hili upesi. Majahazi ya Arabuni yalikuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na nahodha aliyeng'oa nanga bila kuuhesabu upepo wa kurudi hakuitwa shujaa. Aliitwa mjinga. Marejeo yalipangwa kabla ya tanga kupandishwa.

Basi ndugu yangu unayeazimia safari hii, panga hivi. Chagua miezi ya Machi hadi Mei, au Oktoba na Novemba. Tenga siku kumi na mbili za kutembea, kwenda na kurudi, na juu yake ongeza siku mbili au tatu za akiba, kwa sababu hata ndege za Lukla huzuiwa na mawingu. Kata bima inayotaja wazi kwamba inalipia uokoaji wa helikopta hadi mita 6,000, na namba yake ya simu ajulishwe kiongozi wako wa njia. Hiyo ndiyo helikopta ya kulipia: ile unayoomba Mungu usiihitaji. Ujue pia kwamba Pheriche kuna zahanati ya madaktari wa milimani, yenye historia ya tangu mwaka 1973, na usione haya kuingia.

Kuhusu ibada na chakula, mambo ni mepesi kwa anayejiandaa. Kibla cha huko ni magharibi, karibu sawasawa, si kaskazini kama Mombasa. Masuala ya sala ya safarini, na ya kutayamamu pale maji yanapoganda, yaulize kwa mashehe wako kabla ya kuondoka. Nyama iache. Kwa mila za Kibudha wenyeji wa Khumbu hawachinji, na nyama inayoonekana huko imepandishwa kutoka mabondeni, hujui nani aliichinja wala lini. Wali na dengu, viazi na mayai vinatosha, na ndivyo vinavyowapa nguvu wapagazi wenyewe.

Na hao wanaodhani kushuka ni adhabu, hawajafikiria. Wakati wa kupanda mtu anatweta, kichwa kinamgonga, macho yako chini kutazama mawe. Akianza kushuka, kila saa hewa inaongezeka, hamu ya chakula inarudi, usingizi unakuwa mtamu. Misitu aliyoipita bila kuiona anaiona sasa, na mwenyeji aliyemuuzia chai juzi anamwita kwa jina na kumuuliza habari za juu. Anayerudi kwa helikopta huuliza siku zote kama ilimfaa fedha aliyoitoa. Anayerudi kwa miguu huwa na habari za kuwasimulia jamaa zake barazani, na kiti chake ndani ya ndege kimebaki kitupu kwa ajili ya mgonjwa anayekihitaji.