Takataka ya mu kartie ni kazi ya nani?

Kila mwaka mvua ikianza, sisi watu wa Kolwezi tunaona jambo lile lile. Mifereji imejaa sashe na chupa za plastiki, maji inakosa njia, inaingia mu nyumba. Nyuma ya maji, kuhara na malaria. Baba anakosa kazi juu ya kupeleka mtoto hospitali, na siku ile inakatwa ku mshahara. Njo maana sisi wa sendika tunasema: takataka nayo ni habari ya mfanyakazi.

Wazee wanakumbuka wakati wa Union Minière, kisha Gécamines. Mu kambi, kampuni ilibeba takataka na kukagua usafi wa kila lupango. Sisi tukazoea kungojea. Gécamines ikaanguka, na mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatoka kazini. Leo wengi wetu tuko ku kampuni ndogo za kukodisha watu, tunakaa mu kartie yenye haina gari ya takataka. Kila mtu anatupa pa bonde ao anachoma.

Serikali ilikataza sashe kwa dekreti ya tarehe 30/12/2017. Lakini nenda ku soko: chumvi, mkate, maji, yote iko mu sashe. Sheria peke yake haifagie mfereji.

Nusu ya kazi iko mu mikono yetu. Takataka mingi ya jikoni ni vitu vya kuoza: maganda ya mihogo na ndizi, mabua ya sombe. Tutenge ndoo mbili. Ya kuoza iingie mu shimo, tuchanganye na majani makavu, tumwangie maji kidogo, tuipindue kila juma. Nyuma ya miezi tatu ao ine ni mbolea ya mahindi, na bei ya mbolea ya duka tunaijua. Chuma na chupa, kuna wenye kununua. Plastiki tusichome pa lupango: batoto wanavuta ile moshi, na vumbi ya mine inawatosha.

Nusu ingine si ya mama na ndoo yake. Sheria ya madini ya 2018 inasema: ku redevansi yenye kampuni inalipa juu ya madini, 15 kwa mia ni ya komini, sekta ao sheferi kwenye wanachimba. Tena kampuni inapaswa kutoa hata 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya watu wa pale. Ile feza inatoka mu jasho yetu. Inaweza kulipa gari, na pahali pa kutupa mbali na visima. Komini ibandike ku ukuta: imepokea ngapi, imefanya nini nayo.

Bandugu, siku ya salongo tukamate fagio. Kisha kufagia, tuulize pamoja: ile 15 kwa mia iko wapi?