Upanga wa Kininja na Kisu cha Jikoni

Tangu tarehe 1 Agosti 2025 ni kosa la jinai katika England na Wales kumiliki, hata ndani ya nyumba ya mtu mwenyewe, silaha iitwayo upanga wa kininja, ambayo sheria huieleza kuwa ni upanga ambao kengee yake, yaani bapa lenye makali, imenyooka, ina urefu wa kati ya inchi 14 na 24, na ina makali upande mmoja na ncha iliyokatwa kwa pembe. Serikali ya chama cha Labour, ambayo imeahidi kupunguza kwa nusu uhalifu wa visu katika muda wa miaka kumi, iliitangaza marufuku hiyo kuwa hatua kubwa. Hatua hiyo ni ndogo mno, na shangwe zilizoipokea zinaudhi, kwa kuwa zaidi ya nusu karne ya sheria za namna hiyo ilikwisha kuonyesha zinaishia wapi.

Watetezi wake wana hoja, na yafaa isikilizwe. Mwaka 2022 kijana wa miaka 16 aliuawa mjini Wolverhampton kwa silaha ya aina hiyo, iliyonunuliwa mtandaoni na kijana mwenzake asiyefikia umri wa kuinunua, na familia iliyofiwa imeipigania sheria hii kwa subira inayostahili heshima. Ni kweli pia kwamba silaha isiyo na kazi jikoni wala shambani haina sababu ya kuuzwa.

Hata hivyo, sheria inayokataza umbo la silaha hulazimika kulieleza umbo hilo, na maelezo hayohayo ndiyo humwonyesha mfanyabiashara mlango wa kutokea. Mwaka 1959 Bunge lilipiga marufuku biashara ya visu vya springi, ambavyo kengee yake huchomoka kwa kubonyeza kitufe. Mwaka 1988 ikafuata orodha ndefu ya silaha nyingine. Mwaka 2008 zikaongezwa panga zilizopinda zenye kengee ya sentimita 50 au zaidi, na upanga ulionyooka ukabaki halali kwa miaka 17 mingine, kana kwamba jeraha huuliza kwanza kama chuma kimepinda. Mwaka 2016 ikawa zamu ya visu vya zombi, visu vikubwa vilivyonakshiwa kwa mtindo wa filamu za wafu wanaotembea. Sheria ilisema kwamba kisu kitahesabiwa kuwa cha zombi ikiwa, pamoja na makali na meno, kina picha au maneno yanayoashiria matumizi ya kikatili. Basi wauzaji wakayaondoa maneno, wakaendelea kuuza kisu kilekile. Mwanya huo ulizibwa tarehe 24 Septemba 2024, miaka minane baadaye.

Tena, kijana anayetembea na upanga barabarani alikuwa mhalifu tangu zamani. Sheria ya mwaka 1953 inakataza kubeba silaha hadharani, na ile ya mwaka 1988 inakataza kubeba chochote chenye makali au ncha pasipo sababu ya msingi, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja chenye kengee isiyozidi inchi 3, na adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 4. Adhabu ya kuweka upanga wa kininja nyumbani, marufuku ilipoanza, haikuzidi miezi 6. Waziri anayedhani kwamba asiyeogopa miaka 4 ataogopa miezi 6 aulizwe hesabu hiyo alifundishwa wapi.

Lililo zito zaidi ni kwamba takwimu rasmi za mauaji huonyesha mwaka baada ya mwaka kuwa kisu kinachoua watu wengi zaidi ni cha jikoni, kile kinachokatia vitunguu. Mwaka 2005 madaktari waliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba ncha ndefu ya kisu hicho haina ulazima katika upishi, wakapendekeza ipigwe marufuku. Hilo ndilo umbo pekee ambalo kulikataza kungegusa sehemu kubwa ya mauaji, na ndilo ambalo hakuna serikali iliyothubutu kuligusa. Mwaka huohuo polisi wa Strathclyde, huko Glasgow, waliunda kitengo kilichoshughulikia vurugu kama maradhi ya kuambukiza, kwa kushirikiana na shule, hospitali na waajiri. Sifa zote haziwezi kupewa kitengo hicho, lakini mauaji katika Scotland yamepungua kwa zaidi ya nusu tangu wakati huo. Kazi ya aina hiyo ni ya polepole, inagharimu fedha, wala haina kisanduku cha kukusanyia panga ambacho waziri anaweza kupiga picha kando yake. Upande wa England, bajeti za vituo na huduma za vijana zilikatwa vibaya kuanzia mwaka 2010.

Wasichana watatu waliouawa mjini Southport, England, mwezi Julai 2024 waliuawa kwa kisu cha jikoni, na kisu cha aina hiyo bado kinauzwa kihalali kwa yeyote aliyetimiza miaka 18.