Keretaka, Rudisha Mikebe Yangu

Februari mwaka jana nilikuwa kitandani, laptopu mapajani, nikimwandikia mteja wa Marekani makala kuhusu kupanga maua ya mbele ya nyumba wakati majira ya baridi yanaelekea kuisha. Maneno 1,000, dola 12. Nilikuwa nimefika pale pa kuchagua maua yanayovumilia jalidi niliposikia kitu kinakwaruza sakafu huko nje. Nikatoka. Keretaka alikuwa tayari kwa ngazi na mikebe yangu mitatu ya rangi, ile ya rozimeri, dhania na shubiri, anaipeleka kwa pipa la taka.

"Kijana, landlodi amesema hataki uchafu kwa korido."

Uchafu! Nilirudi ndani nikamalizia makala ya mtu wa Ohio, kwa sababu kodi haingoji mtu apoe hasira.

Sasa nimepoa, na bado nasema: zile futi mbili mbele ya mlango ninaoulipia kila mwezi ni mahali pa kupanda kitu. Anayekataza anakosea, na sisi tunaonyamaza tunamsaidia kukosea.

Nimeandika makala za aina hiyo hadi nikazijua kwa moyo. Mtu wa kule anaangalia ramani inayogawa nchi yao katika kanda 13 kulingana na baridi kali zaidi ya mwaka. Anatafuta tarehe ambayo jalidi ya mwisho huanguka kwao, anahesabu wiki sita au nane kurudi nyuma, na hapo ndipo anaanzisha mbegu ndani ya nyumba. Nje miti haina hata jani. Lakini amekaa na kalamu anachora kibaraza chake, chungu kipi kikae wapi, na hakuna anayemwona mjinga.

Na unajua anapanda nini? Pale kwenye kivuli anaweka impatiens, ambayo kwao asili ni huku, Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Dirishani ana kile kimmea cha majani ya manyoya na maua ya zambarau, ambacho jamaa zake wa porini wako Usambara na misitu michache ya Kenya. Wazungu walikiita Saintpaulia kwa jina la ofisa Mjerumani. Pelargonium za vibaraza vya Ulaya zilitoka Afrika Kusini, na vipandikizi vyake vingi hukatwa kwenye mashamba ya hapa Kenya, vikapandishwa ndege miezi hii hii ya baridi yao ili vitoe mizizi kabla joto halijafika. Kwa hivyo mmea ni wa kwetu, mkono uliokata ni wa kwetu, hata makala ya kumfundisha kupanda nimeandika mimi. Halafu mlangoni kwangu ni marufuku.

Usiniambie landlodi ana sababu. Ziko mbili nazikubali. Sahani ya maji chini ya chungu huzaa mbu, na chungu kilichowekwa juu ya ukuta wa balkoni kinaweza kumwangukia mtoto wa mtu. Sawa. Basi weka chungu sakafuni, ondoa sahani au ijaze mchanga, umwagilie kidogo kidogo maji yasitiririke kwa nguo za jirani wa chini. Hilo ni jambo la kuambiana kama watu, dakika mbili tu. Mkataba wangu una kurasa mbili, unakataza kelele, mbwa na jiko la makaa. Maua hayamo. Hii ni sheria ya mdomo, na inatoka kwa mtu yule yule aliyemwaga kabro ploti nzima hadi hakuna mahali tone la mvua linaweza kuingia ardhini, kisha mvua ikija anashangaa maji yako mlangoni.

Lakini wanaoniudhi zaidi ni marafiki zangu. "Nitapanda nikijenga." Utajenga lini, jo? Tuna miaka ishirini na kitu, tunahama na godoro na meko. Chungu pia kinahama. Kina uzito kuliko tivii lakini kinahama.

Na Februari ni mwezi wetu pia, ila si kwa sababu za Ohio. Hapa kuna joto na vumbi, mvua ndefu inangojwa Machi. Ndiyo saa ya kutafuta mikebe, kuitoboa chini, kuchanganya udongo mwekundu na samadi iliyooza vizuri, na kuwatembelea wale wa vitalu vya kando ya barabara kabla mvua haijawaletea wateja wote.

Kitu kimoja nilichojifunza kwa kukosea: usinakili makala zangu za wateja. Kule wanasema mlango unaotazama kusini ndio wenye jua mwaka mzima. Nairobi iko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo jua linahama. Mwezi wa Desemba liko upande wa kusini, Juni liko kaskazini, na katikati ya Machi linapita utosini. Mimea yangu iliwahi kuungua kwa sababu niliifuata Marekani niliyoiandika mwenyewe. Angalia mlango wako unatazama wapi, halafu amua: dhania inataka nafuu ya kivuli jua likiwa kali, rozimeri na shubiri acha ziote jua.

Mlango wangu unatazama kaskazini. Jua likishavuka mwezi ujao litaanza kunijia. Nimenunua mikebe mingine mitatu, nimeshaitoboa, na Jumamosi naitoa kwa korido mchana, keretaka akiwa pale pale anatazama.