Mkulima asiuziwe kasi asiyoihitaji

KIANGAZI mkoani Singida humgharimu sana mkulima wa vitunguu anayemwagilia kwa pampu. Kila lita ya mafuta inayochomwa wakati udongo bado una unyevu ni hasara. Ndiyo maana vipima unyevu vinavyoendeshwa na bodi ndogo za kielektroniki vinastahili kuangaliwa kwa makini, pamoja na bei zake.

Bodi hizo hupewa maagizo kwa njia mbili. Kwa lugha kama C, maagizo hugeuzwa mapema kuwa lugha ya mashine. Kwa MicroPython, iliyoanza mwaka 2013, hutafsiriwa wakati kazi ikiendelea, kama mkutano unaoendeshwa kwa mkalimani. Mkalimani huchelewesha: hesabu ileile inaweza kuchukua muda mara kumi, hata mara mia. Ni rahisi kwa muuzaji kuitumia hoja hiyo kutetea bei kubwa.

Lakini kitunguu hakinyauki kwa sekunde moja. Udongo ukipimwa kila nusu saa, jibu kuchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde hakumdhuru mkulima. Hata mita ndogo ya maji inayotoa mapigo 450 kwa lita, ikipitisha lita 30 kwa dakika, hutoa mapigo 225 tu kwa sekunde. Mkalimani anayamudu.

Mfano uko jirani. Katika skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2013 uliwapatia wakulima kifaa cha Chameleon. Taa ya bluu humaanisha udongo umelowa, kijani una unyevu wa wastani, nyekundu umekauka. Wakulima walipunguza kumwagilia kwa sababu walizielewa rangi hizo, si kwa sababu ya kasi ya kifaa.

Hata hivyo, kasi ina mahali pake. Kipima unyevu wa hewa cha bei nafuu aina ya DHT22, kinachofaa kwenye ghala, hutuma taarifa kwa mapigo ya takriban sehemu 26 na 70 za milioni ya sekunde. Mkalimani peke yake hawezi kuyatofautisha kwa uhakika, hivyo hata ndani ya MicroPython kipande hicho kimeandikwa kwa C.

Kabla ya kutoa fedha, mkulima aulize mambo matatu. Betri hudumu siku ngapi, na je, bodi hulala kati ya kipimo na kipimo? Kipima kikiliwa na kutu, kipya ni shilingi ngapi? Nani hapa Singida anaweza kurekebisha maagizo?

Swali la mwisho ndilo zito. Lugha ya mkalimani humwezesha fundi kijana kubadili mstari mmoja na kuujaribu papo hapo shambani. Vyuo vya VETA na ofisi za SIDO vina wajibu wa kuwaandaa mafundi hao. Kifaa chenye kasi kisicho na fundi wa karibu kitaishia kuwa pambo la ghala.